Kwenye jetski pia, Makelele hauzwi

DIRISHA la usajili la kiangazi cha 2003, Real Madrid walimnunua David Beckham. Dirisha hilohilo wakamwachia Claude Makelele aende Chelsea. Mmoja alikuwa anauza jezi, mwingine alikuwa anakaba. Kwenye karatasi, hesabu zilikuwa safi kabisa. Ubingwa wa La Liga waliokuwa wametoka kuubeba mwaka huohuo hawakuugusa tena mpaka 2007.

Kosa lile halikubaki kwenye soka. Linarudiwa kila siku kwenye gereji za mchezo ambao mashabiki wengi wa mpira wanaujua kwa video fupi za kwenye simu tu, fristaili ya jetski za kusimama. Jamaa yuko katikati ya maji yaliyotulia kama ya kwenye beseni. Ghafla chombo kinasimama wima, kinapaa, kinapiga samasoti ya nyuma, kinatua, naye bado ameshika usukani. Anayetazama anasema, "Yule ana injini kubwa bwana."

Amesema kweli, ila amesema nusu. Nusu aliyoiacha ndiyo inayokula pesa za vijana wanaoingia kwenye mchezo huu.

Kwanza, hiyo nusu ya kweli. Kwenye bahari yenye mawimbi, mpandaji analitumia wimbi kama ngazi. Kwenye ziwa tulivu hana ngazi. Fainali za dunia za chama cha IJSBA zimefanyika kwa miaka mingi Lake Havasu, Arizona, huko Marekani. Pale majaji wanakaa, mpandaji anapewa dakika zake, na hakuna wimbi la kumrusha. Injini yake ndiyo wimbi. Kwa hiyo wanaodai kwamba fristaili ni kipaji tu, na mambo ya injini ni ya matajiri, wanajidanganya. Bila nguvu, chombo hakitoki majini.

Chombo ambacho wengi wameanzia ni Yamaha SuperJet ya zamani. Ile ya injini ya mipigo miwili, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili kama mashine za boti za wavuvi wetu. Silinda mbili, cc 701, nguvu ya farasi 73 hivi, uzito unaokaribia kilo 140. Kwa kujifunza inatosha na kubaki. Kwa kupiga samasoti kwenye maji yaliyolala, haitoshi. Ndipo safari ya gereji inapoanza, na ndipo mtu anapomuuza Makelele wake.

Swali la kwanza la kijana huwa moja: itatoa farasi wangapi? Hilo ni swali la mbio ndefu. Fristaili haina mbio ndefu. Mpandaji anazunguka kwenye kipande kidogo cha maji mbele ya majaji na kasi ya juu ya chombo chake haifiki kabisa. Anachotaka ni kile alichokuwa nacho Romario. Hakuna aliyemwogopa Romario kwa mita mia moja. Walimwogopa kwa hatua tatu za kwanza ndani ya boksi. Beki akigeuza shingo, mpira uko wavuni.

Fundi anayeijua kazi anajenga injini ya hatua tatu. Matundu ya kupitishia hewa na moshi kwenye silinda anayapanga ili nguvu ije mapema, mpandaji anapobana tu mafuta. Flaiwili nzito anaitoa, anaweka nyepesi ili krenki ipande mizunguko haraka. Wapo wanaoondoa hata mfumo wa kuchaji, betri inabaki kuwasha plagi tu mpaka ichoke, kisha inarudishwa nchi kavu kuchajiwa. Kwa mtu wa kwenda safari ni wazimu. Kwa mtu wa dakika mbili ni akili.

Halafu unakuja ujazo, ambao ndiyo Beckham wa hadithi hii. Silinda ya SuperJet ina kipenyo cha milimita 81. Ikiwekwa silinda ya milimita 84, cc zinatoka 701 hadi karibu 754. Milimita tatu tu. Wengine wanaweka krenki inayoisafirisha pistoni mbali zaidi, na silinda za kutengenezwa maalumu zinazovusha injini cc 1000. Mashine ya aina hiyo ikiwashwa, hata asiyejua kitu anageuka kuangalia. Inauza jezi.

Shida ni kwamba wengi wanaanzia hapo. Pesa yote inakwisha kwenye silinda, na timu iliyobaki ni ileile ya zamani.

Nguvu ya jetski haifiki kwenye maji yenyewe. Inapita kwenye krenki, kwenye kiungio, kwenye shafti, mpaka kwenye pangaboi lililo ndani ya pampu. Pampu ya SuperJet ina kipenyo cha milimita 144 na ilitengenezwa kwa ajili ya injini ya kiwandani. Ukiisukuma ghafla kwa injini iliyoongezwa nguvu, pangaboi linaweza kuanza kuzunguka ndani ya povu badala ya maji. Kelele inapanda, chombo hakiendi. Huyo ni straika wa mabilioni anayesubiri pasi isiyofika. Pangaboi lenye mkunjo unaofaa, lililo kama gia ya kwanza ya gari, pamoja na pampu iliyoongezwa ukubwa, vinaweza kumpa kijana mabadiliko anayoyasikia mikononi kabla hajagusa silinda.

Krenki nayo ina habari yake. Krenki ya injini hizi ni vipande vilivyokandamizwa pamoja. Ikibebeshwa nguvu ambayo haikuundiwa, inaweza kujipinda pale kwenye maungio. Fundi makini anainyoosha na kuichomelea kabla ya kuongeza chochote. Hakuna mtu atakayepiga picha krenki iliyochomelewa. Hakuna aliyekuwa anampiga picha Makelele akikaba pia.

Mafuta ni hivyohivyo. Mgandamizo ukipandishwa, petroli ya kawaida inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inatoboka. Inatakiwa petroli ya oktani ya juu. Kabureta kubwa zikifungwa bila kupimwa vizuri, hewa inazidi petroli, joto linapanda na pistoni inayeyuka. Chombo kikiwa angani, pampu haina maji ya kusukuma, injini inakosa mzigo na mizunguko inaruka juu kwa sekunde moja. Bila kifaa cha kuweka kikomo, sekunde hiyo moja inaweza kumaliza kazi ya miezi.

Na hapa suala linaacha kuwa la pesa. Samasoti ya nyuma inaanza na chombo kikiwa wima, mpandaji yuko chini yake akivutwa kwenda juu. Injini ikizima wakati huo, hakuna kinachosogea tena kwenda juu. Kinachobaki ni zaidi ya kilo 100 za chombo zinazorudi alikosimama mtu. Kamba ya mkononi inayozima injini itamsaidia akianguka pembeni. Haiwezi kumsaidia kwa injini iliyokwisha kuzima yenyewe. Kwa mpandaji wa fristaili, injini inayojibu kila mara ina thamani kuliko injini inayojibu kwa kishindo mara tisa na kunyamaza ya kumi.

Wapo watakaosema mabingwa wana vyombo vikali, basi kijana naye aanze na chombo kikali. Rashid Al Mulla wa Falme za Kiarabu na Muitaliano Roberto Mariani wote wamewahi kuwa mabingwa wa dunia wa fristaili kwenye Aquabike. Ni kweli hawakupanda vyombo vya dukani. Lakini chombo cha bingwa ni timu nzima, na nyuma yake kuna mafundi wanaokifungua, wanakipima na kukifunga tena. Kijana anayenunua silinda kubwa bila hayo yote amenunua jezi ya bingwa tu.

Kuna sababu nyingine ya kuacha pupa. SuperJet ya mipigo miwili iliisha na toleo la 2020. Iliyofuata 2021 ina injini ya mipigo minne, silinda tatu, cc 1049, na uzito wa kilo 170 hivi. Ina nguvu zaidi, lakini kilo 30 zilizoongezeka si mzigo mdogo kwa mtu anayetaka kuzungusha chombo angani. Ndiyo maana wapenzi wa fristaili wengi bado wameng'ang'ania ile injini ya zamani. Kila krenki inayopindwa kwa ujinga na kila pistoni inayoyeyushwa kwa haraka inapunguza hazina ambayo kiwanda hakiijazi tena.

Mpangilio unaoeleweka upo. Anza na chombo kuwa chepesi na pampu kushika maji. Imarisha krenki. Pata mafuta sahihi na mtu anayejua kupima kabureta. Jifunze kupanda mpaka injini ndogo iishiwe, siyo mpaka wewe uchoke kuisubiri. Silinda kubwa ije mwisho, ikute timu inayoweza kuilisha.

Real Madrid walikuwa na pesa ya kununua kosa lao na kulivumilia kwa miaka minne. Kijana wa gereji mwenye injini moja hana.