Mtaka Yote Hukosa Yote: Mawaidha ya Nchi ya Chile

Hakuna fitina inayoifilisi nchi upesi kama ile ya makundi mawili, kila moja likiamini kwamba haki yote iko upande wake, na kwamba kumwachia mwenzake hata shubiri moja ya njia ni kuihini haki hiyo. Ushahidi wa neno hili uko katika nchi ya Chile, ambako kati ya mwaka 1970 na 1973 serikali ya kijamaa iliyoingia madarakani kwa kura halali, ikiwa na azma ya kuwainua maskini, ilifikwa na uhaba wa chakula, na mfumuko wa bei, na migomo, na mwishowe silaha za jeshi lake lenyewe. Wapenzi wa serikali ile husema iliuawa na maadui. Wapinzani wake husema ilijiangamiza yenyewe. Mwenye insafu hana budi kuyasikiliza maneno yote mawili, kisha ayapime.

Dakta Salvador Allende, mgombea urais wa wajamaa hao, alipata, tarehe 4 Septemba 1970, kura zipatazo 36 katika kila 100, akimtangulia kwa kura chache mgombea aliyemfuata. Kwa kuwa hakuna aliyefikia nusu, katiba ililipa Bunge uwezo wa kuchagua, nalo likamthibitisha baada ya chama cha Demokrasia ya Kikristo kumtaka kwanza aridhie dhamana za kikatiba za kulinda uhuru wa vyama, wa magazeti na wa elimu. Katika siku hizo hizo, wala njama walimpiga risasi Jenerali René Schneider, mkuu wa jeshi aliyeshikilia kwamba askari hawana ruhusa ya kuingilia siasa, naye akafariki. Basi tangu mwanzo ilikuwa dhahiri kwamba rais yule alikabidhiwa amana yenye masharti, na kwamba walikuwapo watu walioazimia kumwaga damu ili asiipokee.

Jambo lake kubwa kuliko yote, yaani kuitaifisha migodi ya shaba, lilipitishwa Julai 1971 na wabunge wote, rafiki na hasimu, pasipo hata kura moja ya kulipinga. Msomaji na alizingatie hilo, kwa maana lathibitisha kwamba pale serikali ilipotafuta ridhaa ya taifa zima, ridhaa ilipatikana. Lakini katika mambo mengine mengi haikungoja ridhaa: viwanda vilitwaliwa kwa kupenya katika mianya ya sheria kongwe ambazo Bunge lilikuwa halikuzitunga kwa kusudi hilo, na vingine vilitekwa na wafanyakazi wenyewe, huku serikali ikishindwa kuwazuia au ikiona muhali kuwazuia. Waliokuwa tayari kuafikiana na serikali wakaanza kuingiwa na khofu, na khofu ikawasogeza kwa wale wasiotaka maafikiano yoyote.

Tuje katika mambo ya mali. Serikali ilipandisha mishahara na kuzishikilia bei, na kwa mwaka wa kwanza mambo yalinyooka, kwa sababu mitambo iliyokuwa imelala iliamshwa, na jamaa nyingi maskini zikala zilivyokuwa hazijapata kula. Lakini akiba ya fedha za kigeni ilikuwa ikiyeyuka kwa kununua chakula ng'ambo, bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na pengo la hazina likawa likizibwa kwa kuchapisha noti. Noti zilipozidi bidhaa, bidhaa zikatoroka madukani kwenda kwenye magendo, na foleni zikarefuka. Wasomaji wa Tanzania waliowahi kupanga foleni ya sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kufasiriwa zaidi. Kufikia mwisho wa 1972 bei zilikuwa zimepanda zaidi ya asilimia 150 kwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata zikapanda zaidi ya asilimia 500, hata ile nyongeza ya mshahara aliyopewa maskini ikawa karatasi mkononi mwake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kanuni hiyo haimwoni haya mjamaa wala bepari.

Wala haifai kuwasahau maadui, kwa maana walikuwapo. Rais Nixon wa Marekani alikuwa ameamuru, kabla Allende hajaapishwa, kwamba uchumi wa Chile ubanwe mpaka ulie. Mikopo ikakatwa, fedha za siri za shirika la ujasusi la CIA zikamiminwa kwa wapinzani na kwa gazeti la El Mercurio, na kampuni ya Kennecott, iliyokuwa mmoja wa wenye migodi ile, ikaiandama shaba ya Chile katika mahakama za Ulaya. Oktoba 1972 wenye malori waligoma, na katika nchi nyembamba na ndefu kama ile, lori likisimama chakula nacho husimama. Lakini uadui wa mgeni haufuti kosa la mwenyeji, wala kosa la mwenyeji halimhalalishii mgeni udhalimu wake.

Uchaguzi wa Bunge wa Machi 1973 uliwapa wapinzani wingi wa kura, ila si theluthi mbili za kumwondoa rais. Na vyama vya serikali vilipata kiasi cha 44 katika kila 100. Maana ya hesabu hiyo ilikuwa moja tu: hakuna awezaye kutawala peke yake. Agosti mwaka huo Kadinali Raúl Silva Henríquez aliwakutanisha Allende na Patricio Aylwin, kiongozi wa Demokrasia ya Kikristo, ili watafute sulhu. Haikupatikana. Katika chama cha Allende mwenyewe walikuwamo waliokuwa wakipiga kelele kwamba kurudi nyuma ni usaliti, na upande wa pili walikuwamo waliodhani kwamba wakingoja kidogo tu wataipata nchi bila ya kumlipa mtu chochote. Tarehe 22 Agosti wabunge walitangaza kwamba serikali imeivunja katiba. Siku ya pili yake Jenerali Carlos Prats, mkuu wa jeshi, alijiuzulu, na mahali pake akawekwa Jenerali Augusto Pinochet.

Tarehe 11 Septemba ndege za jeshi ziliitupia mabomu ikulu ya La Moneda, na Allende akajitoa roho humo. Waliodhani kwamba askari watafagia kisha wawarudishie funguo, waliona Bunge likifungwa na vyama vyao vyenyewe vikipigwa marufuku. Zaidi ya watu 3,000 waliuawa au walitoweka katika utawala ule, uliodumu mpaka Machi 1990. Na aliyeapishwa kuupokea urais alikuwa Aylwin yule yule, akiongoza umoja wa vyama ambamo wajamaa wa Allende walikuwa washirika. Mapatano yaliyoonekana muhali mwaka 1973 yaliwezekana baada ya miaka 17 ya dhuluma, na waliokuwa makaburini hawakuyaona.

Basi enyi mlioshika madaraka, mkipewa theluthi moja ya imani ya watu msitawale kana kwamba mmepewa yote, na kabla ya kumwahidi maskini mkate, hesabuni unga. Nanyi mnaopinga, pingeni kwa hoja, kwa kura na kwa mahakama, lakini msiombe njaa iwasaidie, wala msibishe hodi kambini, kwa maana askari akiitwa kuamua ugomvi wa raia huwahukumu raia wote. Na sisi tulio wengi, tusio na cheo wala chama, tusifiche bidhaa tukamlaumu waziri, tusishangilie kila anayetukana upande tusioupenda, bali tumdai kila kiongozi atuambie ni lipi yuko tayari kuliacha ili nchi ibaki salama. Na yule atakayejibu kwamba hana la kuacha, tumnyime kura zetu.