Fundisho au Maoni ya Kiongozi?
Wamormoni husema si kila neno la kiongozi ni fundisho la Kanisa; mengine ni utaratibu tu, mengine maoni yake. Nakubali, lakini mpaka kati ya hayo hujulikana lini? Mwaka 1852 Brigham Young, rais wa Kanisa hilo wakati huo, alitangaza kwamba wanaume Weusi wasipewe ukuhani. Mwaka 1949 Urais wa Kwanza, yaani uongozi wa juu kabisa wa Kanisa, ukaeleza waziwazi kuwa katazo hilo ni fundisho, amri ya Bwana, wala si utaratibu. Mwaka 1978 ufunuo ukaliondoa, na mwaka 2013 Kanisa likazikana nadharia zilizotumiwa kulihalalisha. Watetezi hujibu kwamba katazo hilo halikuwahi kuingizwa katika maandiko matakatifu kwa ridhaa ya waumini. Ni kweli, na kipimo hicho ni kizuri. Ila muumini Mweusi ambaye katazo hilo lilimfungia pia mlango wa hekalu miaka yote ile hakuambiwa kuwa anasubiri maoni ya watu yabadilike.