Programu Haiandikwi kwa Kalamu

Wasomaji wangu, leo mtanivumilia kidogo kwa sababu nimekasirika. Binamu yangu yuko mwaka wa pili, anasomea sayansi ya tarakilishi katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Juzi alinionyesha karatasi yake ya mtihani wa Java. Swali: andika programu ya kupanga nambari. Vifaa: kalamu na karatasi. Amekatwa alama kwa kusahau nukta mkato mbili!

Mimi pia nilipitia hayo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilidhani mambo yatabadilika. Tukahamia Moodle. Kumbe nota zile zile za manjano zilipigwa picha, zikawa PDF, zikapandishwa mtandaoni. Imla ya darasani ikawa imla ya Zoom.

Yaani tumeigeuza Moodle kuwa kabati. Martin Dougiamas wa Australia aliitoa bure mwaka 2002, na mtu yeyote anaweza kuiongezea vijiprogramu. Kimoja kinaitwa CodeRunner, kilichotoka Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Nacho ni bure. Mhadhiri anaandika swali pamoja na majaribio yake: programu ikipewa nambari hizi, itoe jibu hili. Mwanafunzi anaandika kwenye kivinjari, anabofya, seva inaiendesha na kumwonyesha jaribio lililofeli. Anarekebisha, anabofya tena. Hata mara kumi, usiku wa manane, bila kumsumbua mtu. Hivyo ndivyo sisi sote tulivyojifunza kazi hii: kukosea na kujua papo hapo tumekosea wapi. Mwanafunzi wa kalamu hujua muhula ukiisha, tena akibahatika kurudishiwa karatasi.

Najua utaniambia wengi hawana tarakilishi na bando ni ghali. Kweli. Lakini kazi nzito inafanywa na seva. Mwanafunzi anatuma maandishi tu, hata kwa simu (ni mateso, nimejaribu, ila kalamu ni mateso zaidi). Zile PDF za picha ndizo zinazomaliza bando.

Hoja yenye uzito ni ya ChatGPT. Tangu itokee Novemba 2022, nasikia wahadhiri wakisema kalamu ndiyo salama. Sawa, basi mtihani ufanyiwe maabara. Kata intaneti, acha seva kwenye mtandao wa ndani, wanafunzi waingie kwa zamu, kila zamu na maswali yake. Na tusidanganyane, mwakenya ulikuwepo enzi za kalamu.

Kizuizi ninachokiona mimi ni kingine. Kutunga swali lenye majaribio mazuri kunachukua muda, na mhadhiri wa kibarua anayekimbia kati ya vyuo vitatu, huku malipo ya muhula uliopita hajayaona, hatakesha akitunga. Chuo kimlipe kwa kazi hiyo. Moodle ina benki ya maswali. Yakishatungwa yatatumika miaka, na faili yake inaweza kupewa chuo kingine. Pesa za kununua skrini kubwa za ukumbini huwa zinapatikana, sivyo?

Kama wewe ni mhadhiri na unasoma hapa, niandikie. Nipe mashine moja ya zamani na wikendi moja, nitakuwekea seva bure. Maswali kumi ya kwanza ya Java tutayatunga pamoja.