Nyumba Mpya na Vifaa vya Kisasa

Mpunga wa Madibira ukishauzwa, ndugu zetu wengi huezeka na kuhamia nyumba mpya. Baadhi yao sasa hutamani kamera, taa na vitasa vya kuendeshwa kwa simu. Hatusemi ni haramu. Twauliza manufaa yake. Umeme wa LUKU ukiisha, au bando la intaneti likikatika, vingi katika vifaa hivyo havifanyi kazi. Tena kamera ya ndani huweza kupeleka picha za familia kwenye mitambo ya mbali, ilhali Surat An-Nur imetuamuru tuombe ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Basi fedha ya mavuno ianze na mlango imara, nyaya salama, ada na mbegu. Kisha tumtendee wema jirani, mlinzi asiyehitaji bando.