Msimbo wa Bure Nao Una Mwenyewe

Kuna imani iliyoota mizizi kwa waundaji wengi wa programu huria: msimbo ukishawekwa hadharani ni wa wote, na kwa kuwa mradi wetu nao ni huria, tuchote tu. Imani hiyo ni potofu, na wanaoumia kwanza ni hao hao wenye miradi huria.

Programu huria haikufuta hakimiliki. Imesimama juu yake. Aliyeandika msimbo anabaki na haki yake, na leseni ni ruhusa yenye masharti. Msimbo usio na leseni kabisa hauna ruhusa: usome, usiuchukue.

Wabishi husema pasipo bei hapana hasara. Jambo hilo lilifika mahakamani Marekani. Robert Jacobsen na wenzake walitoa bure, kwa leseni huria, programu ya kuendeshea reli za mfano. Kampuni iliyouza programu ya aina hiyo ikatumia mafaili yao bila majina ya waandishi wala tamko la hakimiliki. Agosti 2008, mahakama ya rufaa ya Federal Circuit iliamua kwamba kukiuka masharti ya leseni kama hiyo kunaweza kuwa kosa la hakimiliki, hata kama msimbo umetolewa bure.

Na masharti yenyewe mara nyingi ni mepesi. Leseni ya MIT inataka tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni vibaki kwenye nakala. Leseni ya Apache 2.0 inaongeza kwamba faili ulilolibadilisha lioneshe hivyo. Ugumu uko kwenye leseni zisizopatana: kwa mujibu wa Free Software Foundation, msimbo wa Apache 2.0 hauchanganyiki na wa leseni ya GPL toleo la 2 pekee, ila unapatana na toleo la 3. Hilo hukaguliwa kabla faili halijaingia, si usiku wa kuamkia uzinduzi. Na kubandika leseni yako juu ya mradi mzima hakubadilishi leseni ya faili la mwenzako.

Ukaguzi huo unawezekana: Debian, mfumo huria wa uendeshaji, hudai kila kifurushi cha programu kije na faili la hakimiliki, na kipya hukaguliwa kabla ya kupokewa. Miradi midogo nayo ikatae mchango usiojulikana ulikotoka. Leo unafuta jina la mwenzako. Kesho kampuni kubwa ikifuta lako, utaidai kwa sheria ipi?