Uko Maskati, muuzaji yuko Mombasa: utamlalamikia nani?

Wengi wetu tushazoea. Uko Maskati, umeiona cherehani kwenye simu, muuzaji yuko Mombasa, mzigo uende kwa mama Tanga. Pesa inafika kwa dakika moja. Mzigo usipofika, hapo ndipo kazi inapoanza.

Si kwamba sheria hakuna. Oman ilitunga sheria ya miamala ya kielektroniki 2008. Mawaziri wa Afrika Mashariki wakaidhinisha mwongozo wa pamoja wa sheria za mtandao 2010. Uganda ikatunga yake 2011, Tanzania 2015. Makubaliano ya kwenye simu yanatambulika. Ila kila nchi imejifungia kwake, na mteja aliye ng'ambo hana pa kugonga.

Kwenye kodi hawakuchelewa: Kenya ilianza kutoza huduma za kidijitali 2021, Tanzania 2022.

Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya biashara ya kidijitali. Sisi tunasema utekelezaji uanzie kwa mnunuzi: malalamiko yapokelewe nchi yoyote, yapelekwe kwa mamlaka ya nchi ya muuzaji, na pesa irudi kwa njia ileile iliyotumwa. Oman nayo ishirikishwe, maana wateja tuko huku.