Kuzeeka si Kuoza

Katika notisi zetu za botania kuna sentensi inayonakiliwa mwaka hadi mwaka: ovari isiyorutubishwa huoza na kuanguka. Naipinga. Ni fupi, ni rahisi kukariri, na ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni neno "huoza". Kuoza ni kazi ya wageni: kuvu na bakteria. Ovari inayozeeka hujivunja yenyewe. Jeni zake huanza kutengeneza vimeng'enya vya kukata protini, kisha asidi amino zinazopatikana husafirishwa kwenda sehemu nyingine za mmea. Mwenye nyumba anayebomoa kibanda ili mbao zikajenge kwingine hatumwiti mchwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba bila urutubishaji hakuna tunda. Ndizi tunazokula zinakanusha hilo kila siku. Ushahidi mwingine umo katika njegere, zilizochunguzwa sana huko Valencia, Hispania. Ua likiondolewa stameni kabla ya kuchavushwa, ovari yake huanza kuzeeka siku chache baada ya kuchanua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionesha kuwa wakati huo huwashwa jeni ya kimeng'enya kinachovunja protini. Lakini ovari hiyo hiyo ikipewa mapema homoni ya jiberelini, haizeeki: ganda hukua bila mbegu. Kinachoamua, basi, ni ishara ya homoni, ambayo kwa kawaida huja na urutubishaji.

Wala vimeng'enya hivi si maadui. Mbegu ya maharage inapoota, vya aina hiyo ndivyo vinavyoulisha mche kwa kukata protini ya akiba. Papaini ya papai bichi hulainisha nyama jikoni.

Wapo watakaosema nabishana juu ya neno tu. Sivyo. Wengi wetu tutakuwa mabwana na mabibi shamba. Anayeamini kwamba maua ya maharage yaliyoanguka yameoza atamshauri mkulima anunue dawa ya kuvu. Anayejua kwamba mmea wenyewe umeyaacha atauliza kwanza: joto lilizidi? Maji yalipungua? Uchavushaji ulifanyika? Fedha inayopotea kati ya majibu hayo mawili ni ya mkulima, si yetu.

Waalimu wetu, ifuteni sentensi ile. Andikeni: ovari isiyopata ishara ya kukua hujivunja kwa mpango. Ni rahisi kukariri vilevile, tena ni kweli.